Naomba ushauri: mama na mdogo wangu wanaenda Dar kwa mara ya kwanza

Habari za humu ndani wakubwa kwa wadogo. Mama ana rufaa ya kwenda Muhimbili, na mdogo wangu wa kiume ndiye atakayemsindikiza kutoka Songea. Hakuna hata mmoja wao anayeijua Dar, na ndugu wa kuwapokea hatuna.

Basi litawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi, huenda usiku. Hofu yangu kubwa ni pale mlangoni, wapiga debe wanapokunyang'anya begi kabla hujasema unakoenda. Nimemwambia dogo asimpe mtu mzigo, apatane nauli kabla ya kupanda bajaji, na hela aigawe, nyingine akae nayo mama. Simu asiitoe ovyo dirishani kwenye foleni. Je, nimesahau nini?

Pia, wakifika usiku ni bora wasubiri stendi hadi kupambazuke, au wachukue gesti jirani? Na asubuhi, kwa mgonjwa asiyeweza kusimama muda mrefu, mwendokasi unafaa au wakodi gari tu? Gesti safi ya bei nafuu karibu na Muhimbili naombeni pia.

Wanasafiri wiki ijayo. Natanguliza shukrani.