Naomba ushauri: siri ya mama ifichuliwe lini katika riwaya yangu?

Ndugu wanachama, ninaandika riwaya ya taharuki ya kisaikolojia inayotokea Mombasa, ambamo dada anamtafuta kaka yake aliyetoweka, huku mama yao akiisihi mahakama imhesabu kuwa amefariki, kwa kuwa sheria ya ushahidi ya Kenya inaruhusu dhana hiyo baada ya miaka 7 bila habari zake. Nataka msomaji aitilie shaka pupa ya mama, kisha kumbukumbu za dada mwenyewe, ambaye ndiye msimulizi. Hapo ndipo ninapokwama. Nikiifichua mapema siri ya urithi wa shamba, hofu inapungua. Nikiichelewesha, naona ninamhadaa msomaji, jambo nisilolitaka kabisa. Je, nidokeze tangu sura ya kwanza?