Naomba ushauri: soriasisi ya dada yangu na maumivu ya viungo

Habari zenu wapendwa. Dada yangu ana soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) ya miaka mingi. Sasa kidole kimoja cha mguu kimevimba chote kama soseji, kisigino kinamuuma, na asubuhi viungo hukaza zaidi ya nusu saa. Kipimo cha damu cha baridi yabisi hakikuonyesha kitu, akaambiwa viungo ni vizima. Mimi sijaridhika, maana yabisi ya soriasisi (uvimbe wa viungo unaoambatana na soriasisi) mara nyingi haionekani kwenye kipimo hicho.

Nimesoma kuhusu faibroblasti, seli za tishu unganishi: zikichochewa na interlukini-17 na TNF (protini za kinga ya mwili zinazoamsha uvimbe), huendeleza uvimbe kwenye ngozi na kwenye utando wa viungo, hata mfupa ukalika. Ndiyo maana naogopa kuchelewa.

Mliopitia haya, mlianzia kwa daktari wa ngozi au wa viungo? Na methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) iliwatosha, au mlihamishiwa dawa za kibaiolojia (zinazozuia protini kama hizo za uvimbe)?