CPU inaniwasha nikiunga konsoli ya gemu. Ni ethi (waya wa ardhini) au nini?

PediMbovu:
Wakuu, nina konsoli ya zamani, ile ya nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Nataka kurekodi gemu kwenye kompyuta ya mezani, nikachukua kile kikasha cha kunasa video kinachochomekwa USB. Nikishika ncha ya waya huku mkono mwingine umegusa kasha la CPU, nawashwa vidoleni. Jana nilipochomeka ule wa njano ikatoka cheche. Testa nikiigusisha kwenye kasha inawaka. CPU ina plagi ya pini tatu ila inapitia adapta ya pini mbili. Rafiki ananiambia niunge kasha na nyutro (waya wa kurudisha umeme), eti itatulia. Niunge?

FundiWaya:
Usiunge! Nyutro ikikatika popote kabla ya kufika kwako, kasha lote linapata moto kamili kupitia vifaa vilivyowashwa. Hapo huwashwi tena, unanaswa.

Mchawi ni hiyo adapta, maana inaikata ethi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita za kuchuja kelele, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye kasha, nyingine kutoka nyutro hadi kwenye kasha. Umeme kidogo huvuja kupitia hizo; ethi ikiwepo, unaishia ardhini. Ukiikata, kasha linabaki katikati: kwa umeme wa volti 230, mita itasoma karibu 115. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unawashwa tu. Lakini testa haikutofautishii uvujaji huo na waya wa moto uliochubuka ukagusa chuma. Inawaka kote kote.

Sasa hiyo cheche. Plagi hizo za rangi zina ubaya wake: pini ya katikati inagusa kabla ya pete ya nje. Tofauti ya volti inapita kwenye njia ya picha kwanza, na kikasha chako kinaweza kufa hapo hapo. Chomoa vyote kwenye umeme, unga nyaya za picha na sauti, halafu ndipo urudishe umeme.

Kibonyezo:
Mimi ethi niliitoa makusudi. Ikiwepo, spika zinavuma mmmm muda wote.

FundiWaya:
Kibonyezo, irudishe leo. Huo mvumo unatokea vifaa vinapopata ethi kwa njia mbili tofauti, mara nyingi kupitia waya wa antena ya runinga. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti katikati ya waya wa sauti unaoingia kwenye spika. Ethi haiguswi.

PediMbovu:
Nina soketi ya matundu matatu chumba cha pili. Nitajuaje ethi yake ni ya kweli, si pambo?

FundiWaya:
Kama umezoea mita: moto na nyutro 230, moto na ethi iwe karibu hiyo hiyo, nyutro na ethi volti chache tu au sifuri. Namba ikiwa inacheza-cheza, hakuna ethi. Ila hata ikisoma vizuri, mita haikuambii kama waya huo utabeba mkondo mkubwa siku ya hitilafu, maana yenyewe inavuta umeme kidogo mno. Hilo anapima fundi kwa kifaa cha kupimia ethi.

PediMbovu:
Moto na ethi inasoma 41, mara 60, mara 38. Namwita fundi. Konsoli nimeichomoa.