Taarab ni yetu au ya Misri? Tujadili

Mwana wa Mkunazini: Wadau, habari za jioni. Kila tukiisifu taarab hapa, lazima atokee mtu wa kusema hiyo ni ya Waarabu, nyinyi mmeazima. Sawa, twajua kuwa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Twajua kikundi cha Ikhwani Safaa cha 1905 kilianza kwa kuimba Kiarabu. Lakini aliyeitoa kwenye kasri akaipeleka kwa watu, tena kwa Kiswahili, ni Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu. Kwangu mimi mbegu ni ya Cairo, shamba na mavuno ni ya Unguja. Sio kama zile za Mombasa, sinema za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kiswahili basi. Mnasemaje?

Kibokoni Asili: Ngoja kwanza. Mambo ya Misri baadaye. "Sinema za Kihindi zilizotiwa maneno" wamkusudia nani? Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa Mombasa? Maneno aloimba mengi ni ya Ahmad Nassir, malenga mkubwa wa Mvita. Kuchukua lahani, yaani tuni ya wimbo wa watu, na kuitilia shairi ambalo mizani haivunjiki na vina vyakaa mahali pake, hiyo si kazi ya mtu mvivu. Jaribu wewe beti mbili tu, uzilete hapa tuzione.

Mzee wa Vuga: Bwana Kibokoni, punguza moto. Kijana hakumtukana marehemu. Lakini ukweli usemwe: lahani ya Bombay, tabla ya Bombay, mpaka mikogo ya sauti ya Bombay. Mtunzi wa muziki yuko wapi hapo?

Kibokoni Asili: Haya, nawe nijibu. Huyo Siti wenu alipotaka kurekodi santuri alikwenda wapi? Cairo? Alikwenda Bombay! Nadhani ilikuwa miaka ya thelathini. Bombay ikiwa najisi kwetu, kwenu yawaje baraka? Na msitujumlishe. Zein l'Abdin alokuwa akipiga udi hapa Mombasa alizaliwa Lamu, mlinganisheni na mpiga udi yeyote wa Unguja, halafu mrudi mniambie kuhusu sinema.

Mwana wa Mkunazini: Ni 1928, sio thelathini. Na alikwenda kwa sababu HMV, kampuni ya santuri, walikuwa na mitambo huko. Alipeleka sauti yake, hakurudi na lahani ya mtu. Kuna tofauti kubwa.

Kibokoni Asili: Wewe wajuaje alorudi nalo? Mtu akae mji wa watu, asikie muziki wa watu, arudi masikio yake yameziba? Muziki hauna pasipoti.

Bi Mwanakwerekwe: Kaka zangu, mna habari za Cairo na Bombay, na mpaka sasa hakuna aliyetaja ngoma. Bi Kidude, Mungu amrehemu, tuliyempoteza 2013, alikuwa akiimba taarab na akiupiga msondo wa unyago kwa mikono ileile. Unyago ulitoka Misri? Kidumbak kile, vigoma viwili, fidla, na sanduku la chai lililofungwa kamba, kilitoka Bombay? Mnatafuta baba wa taarab, mama yake mnampita mlangoni.

Tena wanaoiweka hai ni wanawake. Nendeni harusini mkatazame. Ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti yake, haendi mbio, anakwenda kwa mwendo wa wimbo, noti juu, jicho kwa aliyemkusudia aliyekaa safu ya tatu. Ukumbi mzima unajua anaambiwa nani. Akifika anamtunza mwimbaji, anarudi vilevile. Hilo hakulileta Mohamed Ibrahim kwenye jahazi.

Mzee wa Vuga: Mwanangu, hapo umesema vizuri, ila huko kutunzana ndiko kulikoiharibu taarab. Tangu miaka ya 1990 kibodi moja imefukuza watu ishirini jukwaani. Mpigaji wa ganuni anavaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, ameibania kucha ya kupigia, nyuzi zaidi ya 70 mbele yake, tatu tatu kwa sauti moja, na ikipotea sauti moja tu anaisikia. Yule wa kibodi anabonyeza. Maneno nayo ni matusi ya jirani kwa jirani.

Bi Mwanakwerekwe: Baba, shikamoo, lakini hapo sikubali. Mafumbo ya kusemana yalikuwapo kabla ya kibodi. Siti mwenyewe aliimba wakubwa waliowadhulumu wanyonge, na watu walijua anasemwa nani. Alipofanya yeye mnaita fasihi, mwimbaji wa leo akimsema mke mwenza mnaita matusi.

Mzee wa Vuga: Marahaba. Siti alimsema mwenye nguvu. Hawa wanasemana wenyewe kwa wenyewe. Usiyachanganye.

Bi Mwanakwerekwe: Mwanamke mwenye mke mwenza, kwake yeye huyo ndiye mwenye nguvu. Na hilo la ganuni kufa, chuo cha muziki cha DCMA kipo hapa mjini Unguja tangu 2002 na ganuni inafundishwa. Wajukuu zako wangapi umewapeleka?