Naomba ushauri: mpishi wa hoteli Malindi anashinikizwa ajiuzulu baada ya kukatwa mguu

Ndugu mnaozijua sheria za kazi, salamu kutoka Malindi. Mpishi wa hoteli moja ya ufuoni alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Daktari ameandika kwamba anaweza kupika akipata kiti kirefu. Meneja amekataa kununua kiti, sasa anataka barua ya kujiuzulu. Tumemsihi asitie saini: akijiuzulu kwa hiari, kudai kwamba ameachishwa isivyo haki kutakuwa kugumu mno.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa ulemavu, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuachishwa, hata sababu ikiwa hali ya mwili, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Penye ugumu ni ushahidi, kwani kiti kiliombwa kwa mdomo tu.

Je, aandike ombi sasa, aambatanishe ripoti ya daktari na abaki na nakala iliyogongwa muhuri? Au aende ofisi ya kazi moja kwa moja? Na kukosa usajili wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kutamdhuru mahakamani? Mshahara umeshakatwa nusu, na ana watoto. Inatuuma sana.