Demio ya 2015 inajizima kila ikisimama: nawezaje kuuondoa mfumo huu nyumbani?

Mkaazi wa Fuoni:

Assalaam alaykum wanajamvi. Gari ni Mazda Demio ya 2015, petroli, injini ya 1.3, gia otomatiki, imetoka Japani. Ikisimama tu na mguu uko kwenye breki, injini inajizima. Kipindi hichi cha kaskazi kiyoyozi kinageuka feni ya hewa ya moto kabla foleni ya Mwanakwerekwe haijasogea. Kitufe cha i-stop OFF, cha kuuzima mfumo huu wa kujizima (i-stop), kipo na kinafanya kazi, lakini nikizima gari na kuiwasha tena mfumo unarudi wenyewe. Nataka uzimike moja kwa moja, na kazi niifanye mwenyewe. Mita ya kupimia umeme ninayo, bisibisi na spana pia.

Nauliza: kuna njia isiyowasha taa za dashibodi? Nimeambiwa nichomoe soketi ya swichi ya boneti, ina madhara? Na mfumo ukishazimwa, naweza kuweka betri ya kawaida badala ya Q-85, ile ya gari za kujizima? Bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Fundi Nyaya, Jang'ombe:

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla hujafungua kitu, jaribu mambo mawili yasiyohitaji hata bisibisi.

Kwanza, mguu. Kwenye Demio mfumo hauzimi injini mpaka breki ikanyagwe kwa nguvu. Ukisimama, kanyaga kiasi cha kuizuia gari isitambae tu, injini itabaki inanguruma. Kwenye sehemu tambarare, yaani karibu mji wote, inawezekana bila taabu. Kwenye vilima vya Pemba usijaribu, huko kanyaga breki vizuri.

Pili, kiyoyozi. Kikiwa kimewashwa na kirungu cha joto kimezungushwa mpaka mwisho wa baridi, kompyuta inakataa kuzima injini kwa sababu inajua kompresa inazungushwa na mkanda wa injini. Punguza feni ikiwa baridi inazidi, lakini kirungu kiache mwisho. Wengi wanaolalamika wamekiweka hatua moja au mbili kabla ya mwisho, basi.

Kuhusu boneti: usichomoe. Swichi ile ipo kwenye komeo, na kazi yake ni kulinda mikono ya mtu. Injini iliyojizima yenyewe inaweza kujiwasha yenyewe, na mikono ikiwa kwenye mkanda au feni utajua hali yake. Kompyuta ikisoma kwamba boneti iko wazi, haizimi injini na wala haiiwashi yenyewe. Sasa tatizo ni kuwa swichi za boneti hazifanani. Nyengine zinafunga mzunguko boneti ikiwa wazi, nyengine zinafunga boneti ikiwa imefungwa. Ukichomoa soketi kwenye gari ya aina ya kwanza, kompyuta itaamini siku zote kuwa boneti imefungwa: mfumo utaendelea kuzima injini kama kawaida, na kinga ya mikono itakuwa imeondoka. Kwenye aina ya pili utapata ulichotaka, lakini alamu ya wizi itakusumbua kila ukifunga milango.

Na kile kisoketi kidogo kwenye kichwa hasi cha betri nacho ukiache. Kile ni kipimo cha mkondo wa betri, na alteneta inapangiwa kazi ya kuchaji kwa kukitegemea. Ukikichomoa, injini haitajizima, kweli, lakini umeiacha kompyuta ikikisia hali ya betri.

Wa Tibirinzi:

Naongezea njia ya kudumu, maana ndiyo aliyoulizia. Tunaiachia kompyuta kila kitu chake na tunaweka kifaa kinachobonyeza kile kitufe badala ya kidole, kila gari ikiwashwa. Taa itakayowaka ni ile ile ya njano ya i-stop OFF, na hiyo si taa ya hitilafu.

Kosa la kawaida ni kuunga nyaya mbili za kitufe pamoja moja kwa moja. Haifanyi kazi. Kitufe kile ni cha kugusa na kuachia, kompyuta inasubiri kukiona kimebonyezwa halafu kimeachiwa. Kikikaa kimebonyezwa muda wote, itakihesabu kibovu na kukipuuza.

Vitu vya kununua: kibao kidogo cha taimeri cha volti 12 chenye rilei (swichi inayovutwa na umeme), ambacho unaweza kukipangia muda wa kusubiri na muda wa kushika (kikikosekana madukani Darajani, Kariakoo vipo, na boti zinavuka kila siku), kishikio cha fyuzi cha kuchomeka juu ya tundu la fyuzi iliyopo, pamoja na fyuzi ya ampea 2, waya laini wa milimita mraba 0.5 kiasi cha mita mbili. Tepu ya nguo. Na kipande cha plastiki cha kubandulia, kwa sababu bisibisi itachubua dashibodi.

Bandua paneli yenye vitufe karibu na usukani, gari ikiwa imezimwa. Soketi zozote za rangi ya manjano utakazoziona huko chini ni za mifuko ya hewa. Usizichomoe, usizipime na usipitishe waya wako juu yake.

Sasa pima. Kitufe kikiwa bado kwenye soketi yake, washa umeme wa gari bila kuwasha injini, waya mweusi wa mita weka kwenye bolti ya bodi, na mwekundu uguse kila pini kwa nyuma. Utakuta pini ya ethi (upande hasi, unaokwenda kwenye bodi ya gari), pini za taa, na pini moja yenye volti 5 au karibu na 12 ambayo inashuka ukibonyeza kitufe. Hiyo ndiyo ya ishara. Ikishuka mpaka sifuri, kitufe kinaipeleka ethi tu, kazi rahisi. Ikishuka ikaishia katikati, ndani kuna rizista, na kompyuta inatambua kitufe kwa thamani ya rizista hiyo. Hapo chomoa kitufe, weka mita kwenye ohmu, bonyeza, soma thamani kati ya pini ya ishara na pini ya ethi, kisha tafuta rizista ya thamani hiyo hiyo uiunge kwenye njia ya rilei.

Miguu ya rilei inayotumika ni COM (mguu wa pamoja) na NO (usioungana na COM mpaka rilei ivute). COM inakwenda ethi, NO inakwenda kwenye waya wa ishara. Tafadhali sana usiipeleke volti 12 ya taimeri kwenye waya huo. Pini ya volti 5 inaingia ndani ya kompyuta moja kwa moja, na kompyuta ikiungua hakuna fyuzi ya kubadilisha, unatafuta kompyuta nyengine.

Umeme wa taimeri uchukue kwenye fyuzi ya kiberiti. Sababu ni hii: laini ile hukatika stata inapozungusha injini, kisha inarudi. Kwa hiyo taimeri inaanza kuhesabu upya baada ya injini kuwaka. Ukiiunga kwenye laini ambayo haikatiki, mtu aliyewasha redio na umeme dakika moja kabla ya kuwasha injini atakuta kitufe kimeshabonyezwa mapema, na injini ikiwaka mfumo uko kazini.

Muda: subiri sekunde 8 hivi, ili taa za dashibodi zimalize kujikagua. Muda wa kushika usiuchukue kwenye gari ya mtu mwengine. Demio inataka kitufe kishikwe mpaka mlio usikike, wakati Toyota nyingi zinaridhika na mguso mfupi. Shika kwa kidole, hesabu mpaka mlio, kisha ongeza nusu sekunde.

Ikitokea taa ya njano inawaka kisha inazimika yenyewe, jua taimeri imebonyeza mara mbili, kwa sababu kitufe kile kile ndicho kinachozima na kurudisha. Angalia kama kibao kimepangwa kurudia mzunguko. Kipange kifanye mara moja tu kila kinapopata umeme. Ikiwa mpangilio uko sawa, basi ethi yako imelegea.

Bi Mkunazini:

Mimi nazungumzia betri, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapopotea.

Q-85 ina umbo la D23, yaani urefu wa sentimita 23. Kwa hiyo betri ya kawaida iliyoandikwa 55D23L au 80D23L itaingia kwenye trei ile ile na vichwa vitafika. Herufi ya mwisho iangalie: L na R zina vichwa vilivyopishana, na kwenye betri hizi za kujizima, isiyo na herufi ni L. Kwa faida ya wengine, K-42 ni umbo la B19, M-42 ni B20, N-55 ni B24, S-95 ni D26.

Kuingia kwenye trei si kufaa, hata hivyo. Mfumo wa kujizima ukiuondoa, ule mpango wa kuchaji haujaondoka. Gari hizi haziichaji betri wakati wote: alteneta hupumzishwa ukikanyaga mafuta, kisha hupewa kazi kubwa ukiachia mafuta na gari inapunguza mwendo. Betri inaishi nusu imeshiba, na inalazimika kupokea chaji nyingi kwa muda mfupi. Q-85 imetengenezwa kwa maisha hayo. Betri ya kawaida itawasha gari vizuri tu, lakini haitadumu kama kwenye gari ya zamani, khasa kwa joto letu. Ukiamua kuweka ya kawaida, chukua 80D23L kuliko 55D23L.

Pima kabla ya kununua. Gari ikilala usiku mzima, asubuhi kabla ya kuwasha kitu chochote weka mita: 12.6 ni betri iliyoshiba, 12.4 imeshuka robo, 12.2 imebaki nusu. Wauzaji wengine wanakupa betri iliyokaa dukani muda mrefu ikiwa 12.2, nayo hiyo usiibebe hata kwa punguzo. Vichwa vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na bekingi soda, kausha, kaza kwa spana namba 10, kisha paka grisi juu. Hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya betri mapema, na kichwa kilicholika kinaifanya betri nzima ionekane mbovu.

Ukikata betri, ukirudisha utaona taa ya gari kuteleza imewaka. Washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Dirisha lililopoteza kufunga lenyewe, lifunge kwa kuvuta kitufe na ukishikilie sekunde mbili baada ya kioo kufika juu.

Mwenye Golf, Mazizini:

Kwa wenye Volkswagen za kizazi cha Golf 7, huko hakuhitajiki taimeri wala waya. Kwa VCDS, programu ya kompyuta ya kuchunguzia Volkswagen, unaingia kwenye moduli 19, sehemu ya marekebisho, unatafuta kikomo cha volti cha kuwashia injini kwenye mfumo wa kujizima. Kiwandani ni 7.6. Ukiandika 12.1, kompyuta itaamua kila mara kuwa betri haina nguvu ya kutosha kuwasha tena, basi haizimi. Andika thamani ya zamani mahali kabla ya kubadilisha. Kwa Mazda njia hii haipo, wasikuuzie.

Mkaazi wa Fuoni:

Nashukuru sana nyote. Kirungu cha baridi nimekizungusha mpaka mwisho, na kweli haijizimi. Lakini usiku sihitaji baridi yote hiyo, kwa hiyo taimeri nitaiweka. Nimepima: pini moja ina volti 5, nikibonyeza inakwenda sifuri. Swali la mwisho kwa Wa Tibirinzi: waya wa ishara niuunge kwa vile vibanio vya buluu vinavyotoboa waya, au nichomelee?

Wa Tibirinzi:

Chomelea, yakhe. Kibanio kinatoboa ngozi ya waya na kuacha shaba wazi, na kwa unyevu wetu wa masika shaba hiyo inaota kutu ya kijani. Kwenye taa ya nyuma ungeona inafifia. Kwenye waya wa ishara wa volti 5 kutu hiyo inafanya kazi ya rizista, na kompyuta itaanza kukisoma kitufe vibaya, leo ndiyo, kesho hapana, nawe utahangaika na taimeri isiyo na kosa.

Menya sentimita moja ya ngozi bila kuukata waya, zungushia waya wako, tia risasi, kisha tepu ya nguo. Chomoa soketi ya kitufe kabla ya kuweka chuma cha moto. Ethi ipeleke kwenye bolti ya chuma cha bodi chini ya dashibodi, kwangua rangi mpaka uone chuma, na ukimaliza paka grisi. Kibao chenyewe kifunge kwenye sponji ukibane kwenye fungu la nyaya kwa kamba ya plastiki, mbali na fimbo ya usukani, wala kisiwe juu ya miguu ya breki na mafuta, kisije kudondoka hapo.

Kabla ya kurudisha paneli, iwashe na kuizima gari mara kadhaa, mara nyengine ukiacha umeme peke yake dakika moja kabla ya injini. Kila mara mlio usikike mara moja na taa ya njano ibaki. Ikitokea tofauti, kaza ethi kwanza.