Mtoto anayejifunza kutambaa juu ya vigae

Mama Imani: Nyumba tuliyopanga ina sakafu ya vigae kila chumba, na binti yetu wa miezi tisa, ambaye ameanza kutambaa, huteleza magoti kila anapojaribu kuongeza mwendo. Je, tumvalishe soksi, au tumnunulie kigari cha kujifunzia kutembea?

Baba Zuhura: Soksi zitamtelezesha zaidi, dada. Mwache miguu mitupu, kwa kuwa nyayo na vidole hushika sakafu vizuri na kumsaidia kujifunza kuusawazisha mwili. Mtandikie zulia lisilosogea (mkeka mwepesi hukunjamana), na maji yakimwagika yafutwe papo hapo.

Muuguzi mstaafu: Kigari hapana. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004, kwani humpa mtoto kasi asiyoweza kuimudu, akafika kwenye ngazi au jikoni kabla hamjamwahi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na 18, na wachache hawatambai kabisa. Kwa hiyo msimharakishe, bali zifunikeni pembe za meza.